Binti yuko fomu tu na kajiunga klabu nne, aache zote?

Swali limetoka kwa mama mmoja wa Gongo la Mboto, nalifupisha: "Shikamoo mwalimu. Binti yangu yuko kidato cha pili shule ya serikali ya kutwa kule Upanga. Tangu Januari kajiunga na dibeti, netiboli, skauti na Roots & Shoots. Siku hizi anaingia nyumbani saa moja usiku, siku nyingine saa mbili kasoro, kachoka hata kula hawezi. Mtihani wa nusu muhula Hesabu kashuka kutoka C mpaka D. Baba yake kasema aache yote mpaka amalize fomu foo, mtoto analia, mimi niko katikati. Hivi hizi klabu zina faida yoyote kwenye kuchaguliwa fomu faivu au chuo, au ni kupoteza muda tu?"

Marahaba dada yangu, poleni na majukumu. Nashukuru umeuliza kabla baba hajapiga marufuku rasmi, maana kesi nyingi zinanifikia mtoto ashakatazwa afu ashaanza kudanganya saa ya kutoka shule, hapo tunakuwa na matatizo mawili badala ya moja.

Jibu langu la moja kwa moja ni kwamba asiache zote. Apunguze zibaki mbili, na moja kati ya hizo mbili iwe na tarehe ya mwisho mnaijua kabisa. Lakini ipi ibaki ipi itoke, usiamue kwa jina la klabu wala kwa kuangalia ipi inaonekana ya kisomi zaidi. Amua kwa kumwangalia mwalimu mlezi wa hiyo klabu. Nimefundisha shule za kutwa hapa mjini miaka mingi na nimekaa upande wa michezo na wa ushauri, klabu yenye jina kubwa isiyo na mlezi ni kundi la watoto wamekaa chini ya mwembe mpaka jioni, na klabu ndogo ya watoto kumi na tano yenye mwalimu anayekuja kila wiki inabadilisha mtoto unamwona kwa macho. Hili ntalirudia chini kwa urefu maana ndo lenyewe.

Nianze na swali la fomu faivu kwa sababu baba yake analiwaza hilo na ana haki ya kupewa jibu la kweli. Hapana, klabu haiongezi pointi. Kuchaguliwa kidato cha tano na vyuo vya kati kunaenda kwa ufaulu wa mtihani wa fomu foo na machaguo ambayo mwanafunzi kajaza, TAMISEMI wanapanga kwa hayo, hakuna sehemu wanauliza ulikuwa nahodha wa netiboli. Chuo kikuu vile vile, vigezo vya TCU, yaani Tume ya Vyuo Vikuu, vinasoma alama za masomo. Kwa hiyo mtu akikwambia mwanao awe kwenye klabu nyingi ili apate shule nzuri ya advansi, huyo hakusaidii.

Zinapohesabika ni kwenye njia za pembeni, na njia hizo zipo kweli. Mtoto akija kuomba skolashipu ya nje wanauliza sana, fomu ya pamoja ya vyuo vingi vya Marekani ina nafasi ya kuandika shughuli mpaka kumi nje ya darasa, na shule ya African Leadership Academy ya Johannesburg wanataka waone mtoto kafanya nini kwa wenzake siyo alama peke yake. Kuna shindano la insha la Jumuiya ya Afrika Mashariki na lile la SADC, yote ni ya wanafunzi wa sekondari na yanapitia shuleni, mtoto wa shule ya kata ana haki sawa na wa shule ya milioni nne kwa mwaka. Kuna Young Scientists Tanzania walioanza maonesho yao hapa Dar mwaka 2012, watoto wanafanya utafiti wao wakisimamiwa na mwalimu na washindi wamekuwa wakipata ufadhili wa chuo kikuu. Hivyo vyote mtoto hafiki akiwa nyumbani, anafika kwa sababu kuna mwalimu kaleta fomu kwenye klabu kasema jamani nani anataka kujaribu. Watoto wengi wenye akili kali wanamaliza fomu foo hawajawahi kusikia kama hizo fomu zipo.

Kwenye michezo wazazi hupenda kunitajia Hasheem Thabeet, kwamba alianza kikapu akiwa na miaka kama 15 akiwa Makongo hapa hapa Dar na mwaka 2009 akachaguliwa wa pili kati ya wachezaji wapya wote walioingia NBA, ligi ya kikapu ya Marekani. Ni kweli kabisa, na Makongo ya enzi za mkuu wa shule Kanali Kipingu ilikuwa na utamaduni wa michezo ambao shule nyingi hazina mpaka leo. Lakini mtu mwenye urefu wa mita 2 na ushee hawezi kuwa mpango wa familia yako. Binti akicheza netiboli acheze kwa ajili ya afya yake na kichwa chake, kama kipaji kikubwa kipo kitaonekana UMISSETA, yale mashindano ya michezo ya shule za sekondari, watu wa timu huwa wanakwenda kuangalia.

Sasa Hesabu. Hapa naomba tukae kidogo kwa sababu nadhani netiboli inabebeshwa mzigo usio wake.

Hesabu ni somo linaloangusha nchi nzima. Mwaka 2022 waliofaulu Hesabu fomu foo walikuwa kama asilimia 20 tu, yaani katika watoto watano, wanne hawakufaulu, na sidhani kama hao wanne wote walikuwa na klabu. Kwa hiyo kushuka kutoka C kwenda D kwa fomu tu, somo lenyewe ndo hili, hakunithibitishii kwamba chanzo ni klabu. Inaweza ikawa klabu, inaweza ikawa mwalimu wa Hesabu mmoja ana mikondo sita ya watoto sabini sabini, inaweza ikawa mada ya aljebra imempita akiwa anaumwa, inaweza ikawa haoni ubaoni. Usikisie, kuna namna ya kujua.

Chukua daftari lake la Hesabu la tangu Januari, kaa nalo mezani ukiwa na ratiba ya klabu zake pembeni. Angalia tarehe. Kama siku ya mazoezi na kesho yake ndo kuna kazi hazijafanywa au hazijasahihishwa, na siku nyingine ziko vizuri, basi klabu zinahusika. Kama mapengo yametapakaa kila siku, au kazi zote zimefanywa ila zimejaa mkasi, basi tatizo ni la kuelewa na ukimtoa klabu zote atapata masaa mengi zaidi ya kukaa na kitu asichokielewa. Hapo dawa ni kumtafutia mtu wa kumfundisha, hata mwanafunzi wa fomu sita wa mtaani kwenu Jumamosi asubuhi, na kwenda kuongea na mwalimu wa somo. Kingine angalia masomo mengine, kama Kiingereza na Baiolojia vimepanda au vimebaki palepale wakati Hesabu imeshuka, uchovu huwa hauchagui somo moja.

Baada ya daftari tuhesabu masaa yake ya siku, na hapa dada yangu ntasema kitu naomba usikichukie. Wewe uko Gongo la Mboto, shule iko Upanga, anaunganisha magari mawili, na makonda wanajulikana, wanamkwepa mwanafunzi kwa sababu nauli yake ni shilingi 200. Ili awahi namba ya asubuhi shuleni lazima aamke saa kumi alfajiri. Masomo yanaisha saa nane na nusu au saa tisa, mazoezi mpaka saa kumi na moja, halafu foleni ya Barabara ya Nyerere ndo inamfikisha kwako saa moja. Sawa. Akishafika anafanya nini? Umeniandikia kwamba anachoka hata kula hawezi lakini hujaniandikia nani anaosha vyombo, nani anapika, nani anafua sare za wadogo zake. Mabinti wengi niliokaa nao ofisini ukiwauliza taratibu wanakwambia akiingia ndani anabadilisha nguo anaingia jikoni, anakuja kufungua daftari saa nne usiku, na kaka yake aliyekuwa nyumbani tangu mchana anaangalia mpira. Mtoto wa umri huu anahitaji kulala masaa nane mpaka kumi, huyu analala matano au sita. Sasa ukimwondoa netiboli ukaacha jikoni kama kulivyo, atafika saa kumi na moja na kazi zitaongezeka kujaza hayo masaa, Hesabu itabaki D na furaha itakuwa imeondoka. Naomba muanze kugawa kazi upya nyumbani kabla hamjagusa klabu hata moja. Siku za mazoezi vyombo aoshe mtu mwingine. Kama tayari mnafanya hivyo basi nisamehe, twende mbele.

Nirudi kwa mlezi maana niliahidi.

Kwenye shule zetu za serikali mwalimu mlezi wa klabu halipwi kitu cha ziada. Ana vipindi vyake, ana zamu yake ya wiki, ana madaftari ya kusahihisha, na hapo juu kapewa skauti au dibeti. Anayebaki mpaka jioni anabaki kwa moyo wake, na kwa kweli walimu wa hivyo wapo wengi kuliko watu wanavyodhani, ila hawako kwenye kila klabu. Jina la mlezi litakuwepo kwenye karatasi ubaoni kwa sababu lazima liwepo, ila yeye mwenyewe unaweza ukamaliza muhula hujamwona. Watoto wakiachwa wenyewe masaa mawili baada ya vipindi, shule nusu tupu, hapo ndo yanatokea yote ambayo baba anayaogopa. Na siyo kwamba watoto ni wabaya, ni kwamba hakuna mtu mzima.

Kwa hiyo nenda shule siku ya kawaida, siyo siku ya kikao cha wazazi ambapo kila kitu kimepangwa. Aga kazini ukiweza, fika saa tisa na nusu, jitambulishe getini na kwa mwalimu wa zamu, sema nimekuja kuona mazoezi ya binti yangu. Angalia tu. Mlezi yupo? Anawajua kwa majina? Kuna daftari la mahudhurio? Wanaanza saa ngapi kweli na wanamaliza saa ngapi kweli, maana tofauti ya saa kumi na moja na saa kumi na mbili kwa mtoto wa Gongo la Mboto ni kubwa sana, jua likizama akiwa bado kituoni ni mambo mengine. Mtoto akiumia goti nani anampeleka hospitali? Wakienda mechi shule nyingine wanasafiri na nani, na mzazi anaarifiwa vipi? Mwalimu mzuri hakasiriki kuulizwa haya, anafurahi, kwa sababu wazazi wanaokuja kuangalia ni wachache mno. Ukikuta wa kukasirika hiyo nayo umepata jibu.

Hicho ndo kipimo. Sasa niziseme klabu zake moja moja kwa jinsi ninavyozijua, ila ukikuta mlezi hayupo jibu langu linabadilika papo hapo.

Dibeti mwachie. Nikipewa nafasi ya kumbakizia mtoto wa sekondari ya serikali kitu kimoja tu ntambakizia hicho, na sababu yangu ni ya darasani kabisa. Kama binti kasoma shule ya msingi ya Kiswahili miaka saba, akaingia fomu wan akapewa wiki chache za kuzoeshwa Kiingereza afu akaambiwa sasa Baiolojia, Jiografia, Historia zote kwa Kiingereza, kila kitu. Darasani anakaa kimya kwa sababu akikosea wenzake watamcheka, mwalimu akiuliza "do you understand" darasa zima linaitikia yes sir na hakuna aliyeelewa. Kwenye dibeti ndo sehemu pekee anasimama dakika tatu anaongea Kiingereza chake chenye makosa mbele ya watu, anapigiwa makofi anakaa. Wiki ijayo anasimama tena. Mada zenyewe ni zilezile tangu enzi zetu, elimu ni bora kuliko pesa, mwalimu ni bora kuliko daktari, maisha ya kijijini ni bora kuliko ya mjini, lakini mada siyo muhimu, muhimu ni kwamba mdomo unafunguka. Na mtoto aliyefunguka mdomo anaweza kunyoosha mkono kwenye kipindi cha Hesabu akasema mwalimu hapo sijaelewa. Nimeona wakipanda masomo mengine kwa njia hiyo, ni taratibu, inachukua mwaka, ila inatokea. Afu faida nyingine kubwa dibeti mara nyingi ni mara moja kwa wiki na inafanyika ndani ya muda wa shule au mara tu vipindi vinapoisha, haimcheleweshi kama mazoezi ya uwanjani.

Netiboli abaki nayo mpaka Juni, afu apumzike. Hapa kalenda inatusaidia sana, baba yake akielezwa vizuri anaweza kukubali. Msimu wa michezo ya sekondari unaenda kuelekea UMISSETA, timu inaanza kuchujwa ngazi ya shule, kata, wilaya, mkoa, mwisho taifa, na taifa kwa kawaida inaangukia mwezi wa sita, miaka ya karibuni imekuwa Mtwara, Tabora na Iringa. Upimaji wa kidato cha pili wa NECTA unakuja mwisho wa mwaka, Oktoba kuelekea Novemba. Kwa hiyo kuna nafasi nzuri katikati. Acheze mpaka timu ya shule itakapotolewa, ikitolewa ngazi ya kata mwezi wa nne basi netiboli imeisha mwezi wa nne, akichaguliwa timu ya mkoa mtakaa tena mzungumze kwa sababu kambi na mashindano vinaweza kula wiki kadhaa na sehemu yake inaweza kugusa mitihani ya muhula. Kuanzia Julai shule zikifunguliwa, hakuna netiboli mpaka amalize mtihani. Mwambieni hivyo sasa hivi, siyo mwezi wa saba. Mtoto anayejua tarehe anapanga, anayekatwa ghafla anaona kaonewa. Na upimaji huu wa fomu tu usichukuliwe wa mchezo, asiyefikia alama anarudia darasa, hilo baba yuko sahihi kuliogopa.

Skauti naomba isubiri. Naipenda skauti, inafundisha huduma ya kwanza, kupanga kambi, kutii na kuongoza, na vijana wake unawaona kwenye sherehe za kitaifa uwanjani wamepanga watu vizuri. Lakini ni klabu inayodai muda kwa vipande vikubwa, wikiendi nzima, kambi za likizo, gwaride la sherehe ambalo linaanza mazoezi wiki kadhaa kabla, na ina sare ambayo mzazi ndo ananunua. Mtoto anayetoka Gongo la Mboto mwenye mtihani mwaka huu haiwezi. Fomu tatu akitaka aanze, mlango upo wazi. Na siku mkimruhusu kambi, usisaini barua kabla hujajua ni wapi, siku ngapi, viongozi wa kike ni wangapi wanalala na mabinti, na namba ya simu ya mtu mzima aliyeko huko.

Roots & Shoots ni yetu kabisa, ilianzia hapa hapa Dar es Salaam mwaka 1991, wanafunzi 12 walikwenda nyumbani kwa Jane Goodall, yule mtafiti wa sokwe, kumweleza yanayowakera kwenye mazingira yao, leo iko nchi nyingi duniani. Shuleni kazi zake ni kupanda miti, bustani, usafi, kampeni za plastiki. Haina mazoezi ya kila siku. Ntaiweka hivi, asiwe mwanachama mwenye kazi, asiwe katibu wala mweka hazina, ila siku ya kupanda miti akishiriki na wenzake hakuna ubaya. Cheo ndo kinachokula muda, uanachama haukuli. Na hii naisema kwa klabu zote pamoja na uongozi wa shule wenyewe, mwakani kwenye uchaguzi wa serikali ya wanafunzi anaweza kushawishiwa agombee, kiranja anafika shule kabla ya wote na anaondoka baada ya wote. Kwa mtoto anayekaa Upanga ni jambo jema sana, kwa anayeamka saa kumi lifikirieni mara mbili.

Vikundi vya dini sijaviweka kwenye hesabu, UKWATA, TYCS, TAMSYA na vingine, kwa sababu vingi vinatumia kipindi cha dini kilichopo kwenye ratiba. Ila mikusanyiko ya wikiendi inayokutanisha shule nyingi uulizie kama unavyoulizia mechi, nani anasimamia na inaisha saa ngapi.

Kuhusu pesa hujauliza ila najua itakuja. Ada ya kutwa ilikuwa 20,000 kwa mwaka, serikali iliifuta kuanzia Januari 2016 na shule inaletewa ruzuku, lakini ruzuku ile haitoshi jezi, mipira na nauli za mechi, ndo maana mtoto anarudi na ujumbe wa elfu mbili leo, elfu tatu kesho. Hakuna mwanafunzi anayeruhusiwa kurudishwa nyumbani wala kunyimwa masomo kwa sababu ya mchango. Mchango wa klabu ni hiari, na wewe una haki ya kumpigia mlezi kuuliza hela ni ya nini kabla hujatoa. Ukiweza toa, maana wale watoto wanachezea mpira umechanika, ukishindwa sema umeshindwa bila aibu na mwanao asitengwe.

Usafiri ndo hofu yangu kubwa kuliko Hesabu, na nadhani ndo hofu ya shemeji pia hata kama hajaitaja hivyo. Binti wa miaka kumi na nne au kumi na tano kasimama kituoni saa kumi na mbili jioni, magari matatu yamempita, anakuja mtu na gari au bodaboda anasema panda binti nakupeleka bure. Kesi za mabinti wanafunzi zilizopita mkononi mwangu nyingi zilianzia kwenye lifti. Sheria yetu ni kali, tangu marekebisho ya 2016 anayempa mwanafunzi mimba anakabiliwa na kifungo cha miaka 30, lakini sheria inafika baada ya mtoto kuumia. Ongea naye waziwazi, bila kumtisha na bila kumtuhumu. Lifti hapana, hata ya mtu anayemfahamu kwa sura. Atafute wenzake wa njia moja, shule kama hiyo haikosi watoto wa Ukonga, Pugu, Kitunda, waondoke pamoja na wapande pamoja, makonda wanaogopa kuwaacha watoto sita kuliko mmoja. Simu haruhusiwi kuwa nayo shule, kwa hiyo kubaliana na mlezi atume ujumbe mmoja kwenye grupu la wazazi wanapoachiwa, ukijua kaachiwa saa kumi na moja unajua saa ngapi uanze kuwa na wasiwasi. Na kama huo ujumbe mwalimu hawezi kuutuma, yaani haiwezekani kabisa, basi siku za mazoezi zipunguzwe ziwe mbili.

Kwa shemeji, nakuomba usimpelekee maneno yangu kama hukumu, kwamba mwalimu kasema. Mpelekee daftari la Hesabu, mpelekee hesabu ya masaa, mpelekee pendekezo lenye tarehe: skauti imetoka leo, netiboli inaisha Juni au timu itakapotolewa, dibeti inabaki, kuanzia Julai saa kumi na moja yuko nyumbani, na Hesabu Jumamosi kuna mtu. Mwanaume anayesema aache yote mara nyingi anasema hivyo kwa sababu hajaonyeshwa mpango, anaona mtoto anazurura. Na kama ana siku moja ya nafasi aende yeye akamsikilize kwenye dibeti, akae nyuma ya darasa asiseme kitu. Nimewaona akina baba wakitoka pale hawabishani tena, hawakuwa wanajua kama mtoto wao anaweza kusimama hivyo.

Binti mwenyewe mshirikisheni, msije mkaamua wawili mkamsomea. Mpe kalamu, mwambie hizi ni nne zinabaki mbili, tuoneshe siku yako ya Jumatano inakwenda vipi tangu kuamka mpaka kulala. Anaweza akawashangaza akaitoa netiboli mwenyewe, au akatetea Roots & Shoots kwa sababu msizozijua, labda rafiki yake wa karibu yupo kule, na kwa mtoto wa shule kubwa ya mjini kuwa na kundi dogo linalomjua jina ni jambo zito. Akitetea kwa hoja na mlezi wa kule ni wa kweli, badilisheni, siyo lazima iwe kama nilivyoandika mimi.

Mpeni mpaka mtihani wa muhula. Hesabu ikirudi C au hata ikasimama palepale huku masomo mengine yako sawa, endeleeni na mpango. Ikishuka tena na masomo mengine mawili matatu yakaifuata, netiboli itoke siku hiyo hiyo bila kusubiri Juni, ibaki dibeti peke yake. Ukishaenda shule kuonana na walezi niandikie ulichokuta, hasa wa netiboli, na saa wanayomaliza kweli, afu tutapanga vizuri ratiba yake ya kuanzia Julai.